Jinsi ya Kuitazama Nembo na Tovuti Hadi Uujue Uzuri Wake: Mwongozo Kamili

Mtu akionyeshwa nembo mpya ya duka, au tovuti iliyozinduliwa wiki hii, mara nyingi husema "nzuri sana" na mazungumzo yakaishia hapo. Mbunifu aliyekesha juu ya kazi ile hapati la kushika katika jibu hilo, na msemaji mwenyewe hajui ni kitu gani hasa kilichomvutia. Mwongozo huu unahusu namna ya kuivuka "nzuri" hadi kuweza kuionyesha kazi kwa kidole: mstari huu unafanya hivi, rangi ile inafanya vile, nafasi hii imeachwa wazi kwa sababu fulani. Naamini kwa dhati kwamba ustadi huu hufundishika, kama unavyofundishika ustadi wa kuchagua samaki sokoni, ambapo mjuzi huanza na macho, kisha hufunua matamvua, kisha hubonyeza nyama, na hapo ndipo anaposema kama samaki ni mzuri au la.

Utahitaji simu yenye intaneti, karatasi, kalamu na saa moja hivi isiyo na haraka. Chagua nembo moja na tovuti moja, ikiwezekana za taasisi ile ile, uende nazo pamoja hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi kabla ya sura

Kabla hujasema lolote kuhusu uzuri, andika kwenye karatasi mambo matatu: kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya nani, mtu huyo atakutana nacho wapi, na akishakiona anatakiwa ajue au afanye nini. Nembo ya hospitali na nembo ya bendi ya muziki haziwezi kupimwa kwa mizani moja, na tovuti ya mtu anayeuza viatu haina wajibu sawa na tovuti ya ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa.

Mfano ninaoupenda hauko hata kwenye kompyuta. Kwa miaka mingi daladala za Dar es Salaam zimekuwa zikipigwa mistari ya rangi ubavuni, ili abiria aliyesimama kituoni aitambue njia ya gari kabla hajayafikia maandishi kwa macho. Mstari ule haudai kuwa sanaa, lakini aliyeubuni alimjua mtumiaji wake vizuri: mtu mwenye haraka, aliye mbali, pengine asiyeweza kusoma, anayetakiwa kuamua ndani ya sekunde chache kama anyoshe mkono au la. Ukiuelewa mstari huo umeshaelewa nusu ya kazi ya nembo.

Hatua ya pili: Ijaribu nembo kwa muhuri

Nembo huzaliwa kwenye skrini kubwa ya kompyuta, lakini maisha yake yote huyaishi kwingine. Huishi kwenye muhuri, kwenye risiti, kwenye fulana iliyofuliwa mara ishirini, kwenye ubavu wa pikipiki ya kusambaza mizigo, kwenye kiduara kidogo cha WhatsApp, na kwenye bango lililopauka kwa jua. Kwa hiyo usiishie kuitazama mahali ilipokaa kwa raha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwapo kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kilipoletewa muhuri wake mpya. Nembo yao ilikuwa na mikono miwili iliyoshikana, jua linalochomoza nyuma yake, suke la mahindi upande mmoja, sarafu tatu upande wa pili, na jina la kikundi limezungushwa kwenye utepe. Kwenye skrini ilipendeza, na wanachama walikuwa wameipigia makofi. Muhuri ulipopigwa mara ya kwanza juu ya stakabadhi, kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa doa la wino wa buluu lenye ukingo wa duara: vidole vilikuwa vimeshikana na miale ya jua, na herufi za utepe zilikuwa zimejaa wino kiasi kwamba herufi "a", "e" na "o" zilifanana. Mweka hazina aliupiga tena polepole, kisha mara ya tatu kwa wino kidogo, na kila mara doa lilirudi lile lile. Tangu siku ile, nembo yoyote ninayoonyeshwa naifanyia majaribio matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, ipunguze kwenye simu hadi ilingane na ukucha wa kidole gumba, uone ni kipi kinachobaki. Pili, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, jambo ambalo programu ya kuhariri picha iliyomo kwenye simu nyingi inaliweza. Tatu, na hili ndilo jaribio kali kuliko yote, itazame kwa sekunde kumi, ifunike, kisha jaribu kuichora kwa kumbukumbu. Mchoro wako hauhitaji kuwa mzuri. Unachotafuta ni kujua kama nembo imekuachia wazo moja lililo wazi, au umebaki na vipande usivyokumbuka vilikaa wapi. Mchoro huo utunze, kwa maana tutaurudia.

Panda, yule dubu mweusi na mweupe aliye kwenye nembo ya WWF, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, huyapita majaribio hayo matatu kwa namna inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Nembo yake ya kwanza ilichorwa mwaka 1961 na Sir Peter Scott, mmoja wa waanzilishi, wakati ambapo panda aliyeitwa Chi-Chi alikuwa kivutio kikubwa katika bustani ya wanyama ya London. Shirika lilikuwa na fedha kidogo, na mnyama aliye mweusi na mweupe kwa asili yake alipunguza gharama za uchapaji. Itazame sura anayovaa tangu mwaka 1986: masikio, mabaka ya macho, pua, miguu, mabaka meusi tu yaliyotawanyika juu ya karatasi nyeupe. Mgongo wake haukuchorwa, na utosi wake haukuchorwa. Jicho lako ndilo linalozipitisha hizo kingo pale ambapo hapana wino, na kwa sababu umeshiriki kumkamilisha mnyama, unamkumbuka. Ukikutana na nembo yenye mistari mingi ya kuzungushia kila kitu, jiulize ni mistari mingapi ingeweza kuondolewa bila mtazamaji kupoteza kitu.

Wakati mwingine undani mmoja huokoa nembo nzima isipotee inapokuwa ndogo. Rob Janoff, aliyechora tofaa la kampuni ya Apple mwaka 1977, ameeleza kwamba aliling'ata ubavuni ili watu wasilidhanie kuwa tunda dogo la cheri. Pengo lile ndilo linalotoa kipimo cha ukubwa, kwa kuwa hakuna anayeng'ata cheri kwa namna ile.

Hatua ya tatu: Tazama pale ambapo hapakuchorwa kitu

Hapa ndipo jicho la mtazamaji wa kawaida na jicho la mjuzi hutengana. Sisi sote tumezoea kutazama wino, ilhali mbunifu hutumia muda mwingi akiipanga nafasi iliyo wazi kati ya wino na wino.

Chukua nembo ya kampuni ya usafirishaji ya FedEx, iliyobuniwa mwaka 1994 na Lindon Leader alipokuwa akifanya kazi na kampuni ya ubunifu ya Landor Associates. Mtu anaweza kuiona kwa miaka kumi akadhani ni jina tu lililoandikwa kwa zambarau na rangi ya machungwa. Sasa iweke mbele yako na uangalie kati ya herufi kubwa "E" na herufi ndogo "x" iliyo mwisho. Nafasi nyeupe iliyo kati yao ni mshale kamili unaoelekea kulia, wenye mkia na kichwa chake. Mshale huo haukutokea wenyewe. Herufi zilizokuwapo hazikuupa umbo safi, kwa hiyo mbunifu alichukua sifa za familia mbili za herufi, akarekebisha kimo cha herufi ndogo ili mkono wa "E" na kiwiko cha "x" vikutane pale vilipotakiwa kukutana. Kinachonigusa zaidi katika kazi hii ni ule uvumilivu wa kutoupaka mshale rangi yake. Angeupaka rangi, kila mtu angeuona siku ya kwanza na kuusahau siku ya pili; alipouacha uwe mweupe, kila anayeugundua hujihisi amepewa siri, naye humwonyesha mwenzake.

Ili ulizoeze jicho lako, chukua nembo uliyoichagua, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha paka kalamu sehemu zile tu zisizo na kitu. Ukishaondoa karatasi utaona umbo la nafasi wazi peke yake. Katika kazi nzuri umbo hilo lina mpangilio: mapengo kati ya herufi yanalingana kwa jicho, hakuna kona iliyobanwa, hakuna shimo linalovuta macho bila sababu. Katika kazi iliyofanywa kwa haraka utaona mapengo yanayopanuka na kufinyana kama meno yasiyopangika. Si kila nembo ina mshale uliofichwa, wala haihitaji kuwa nao, na kutafuta siri pasipo na siri ni kosa la watu wengi waliojifunza hatua hii juzi.

Hatua ya nne: Soma herufi kama unavyosikiliza sauti

Herufi nene zilizosimama wima husema kwa sauti moja, na herufi nyembamba zenye mikia husema kwa nyingine. Mwaka 1916 usafiri wa reli wa chini ya ardhi wa London ulianza kutumia herufi zilizochorwa maalumu na Edward Johnston, na hadi leo, zikiwa zimerekebishwa, mgeni anayeshuka ngazi za kituo hujua yuko kwenye mtandao gani wa usafiri hata kabla hajaisoma alama yenyewe.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna kipimo chetu cha ziada. Angalia jinsi mbunifu alivyoishughulikia alama ya ritifaa katika maneno kama "ng'ombe" na "ng'ara": je, imekaa karibu na herufi zake, au imeacha pengo linalolikata neno vipande viwili? Imepinda kuelekea upande unaotakiwa, au programu imeigeuza ikawa alama ya kufungulia nukuu? Halafu angalia vitufe. Maneno yetu ya vitendo hubeba viambishi vyake ndani, hivyo hurefuka, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hushindwa kubeba "Thibitisha malipo" au "Umesahau nenosiri?" Nimeona kwenye simu kitufe kilichoandikwa "Thibitis" na nukta tatu, na mtu aliyekuwa akilipa ada ya mwanawe akasita kukibonyeza. Ukikuta tovuti ambayo maneno yake ya Kiswahili yamekaa kwa nafasi, bila kukatwa wala kupunguzwa hadi yasisomeke, mtaje mbunifu kwa hilo, maana ni dalili kwamba lugha hii ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza ya kazi.

Hatua ya tano: Uliza rangi inasema nini mahali ilipo

Orodha zinazodai kwamba bluu ni uaminifu na nyekundu ni hamasa zisikutawale. Rangi hupata maana yake mahali inapoishi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007, huko huvaa kijani cha kampuni hiyo. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, M-Pesa ya Vodacom huvaa nyekundu. Huduma ni ya jina moja, na wakala wa kila upande hupaka kibanda chake rangi ambayo mteja wake anaitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Vivyo hivyo, mfanyabiashara wa Kariakoo anayechagua kijani na njano kwa pamoja ajue kwamba wateja wataiona Yanga ndani yake, na anayechagua nyekundu na nyeupe ajue kwamba wataiona Simba, hata kama yeye anauza mapazia.

Baada ya maana, pima usomekaji. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inayojulikana kwa kifupi kama WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa kwa 3 kwa 1. Zipo tovuti za bure zinazopiga hesabu hiyo ukizipa rangi mbili, lakini kipimo cha haraka ni kutoka nje saa saba mchana, kupunguza mwanga wa simu hadi nusu, na kujaribu kusoma. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi hukipenda kwa upole wake, hupotea hapo hapo.

Hatua ya sita: Fungua tovuti kama mgeni

Tovuti haitazamwi kama picha. Huingiwa, kama nyumba. Ndiyo maana naanza kwa kutumia kitu ambacho akina mama wa pwani wamekisoma kwa vizazi. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyokaa sehemu ya chini ya mji. Mnunuzi anapotandaziwa doti dukani, jicho lake hutulizwa na pindo, huvutwa na mji, kisha hushuka kwenye jina, na hapo ndipo anapoamua. Fungua ukurasa wa kwanza wa tovuti yako na utafute vitu hivyo vitatu. Pindo lake liko wapi, yaani ni kipi kinachoushikilia ukurasa usimwagike? Mji wake ni upi, yaani jambo moja lililopewa nafasi kubwa? Na jina lake ni lipi, sentensi ile moja ambayo ungemwambia jirani baada ya kufunga simu? Ukurasa wenye miji minne inayogombania jicho ni sawa na kanga nne zilizoshonwa pamoja.

Ili usijidanganye, fungua ukurasa, hesabu hadi tano, uufunge, kisha andika unachokikumbuka. Rudia, safari hii ukiwa umefinya macho hadi maandishi yawe ukungu, uone ni mabonge gani ya rangi na picha yanayobaki. Mpangilio mzuri huonekana hata kwenye ukungu.

Baada ya hapo izungushe simu yako ilale, au kama uko kwenye kompyuta, ufinye upana wa kivinjari polepole. Mwaka 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alielezea kwa maandishi njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojirekebisha kulingana na upana wa skrini, na njia hiyo sasa ndiyo desturi. Tazama mabadiliko yanavyotokea: safu tatu zinakuwa mbili, kisha moja, menyu inajikunja, picha inapungua bila kumkata mtu kichwa. Zipo tovuti zinazofanya hivyo kwa ustaarabu kiasi kwamba inafurahisha kuzitazama tu zikijipanga, na hiyo ni sehemu ya uzuri ambayo picha ya skrini haiwezi kuionyesha.

Zima Wi-Fi na utumie bando. Je, maandishi yanatangulia kufika ili mtu aanze kusoma, au anabaki na skrini nyeupe akisubiri video ambayo hakuiomba? Mbunifu anayebana uzito wa picha zake anaheshimu fedha za mtu asiyemjua, na kwangu mimi hilo lina uzito sawa na rangi zilizochaguliwa vizuri, kama si zaidi.

Kwa anayetaka kuona ubunifu wa tovuti ukiwa peke yake, umetenganishwa na kila kitu kingine, hakuna zoezi bora kuliko CSS Zen Garden, mradi ulioanzishwa na Dave Shea mwaka 2003. Maandishi ya ukurasa ni yale yale, neno kwa neno, na wabunifu waliruhusiwa kubadilisha vazi lake tu: rangi, herufi, picha za mapambo na mahali pa kila kitu. Fungua matoleo manne mfululizo na usome aya ile ile ya kwanza katika kila moja. Utahisi sauti ya maneno ikibadilika ingawa hakuna neno lililobadilika, na hapo utaelewa bila kufundishwa ni nini hasa alichokifanya mbunifu.

Hatua ya saba: Ijue historia yake

Hatua hii ni fupi. Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani inayotunzwa na Internet Archive, itakuonyesha tovuti ilivyokuwa miaka iliyopita, na utafutaji kwa picha utakuonyesha kama nembo inafanana mno na ya mtu mwingine. Jihadhari pia na mazoea yako mwenyewe. Oktoba 2010 kampuni ya nguo ya Gap ilitoa nembo mpya, watu wakaipinga kwa wingi mtandaoni, na katika muda wa wiki moja hivi ile ya zamani ikarudishwa. Kwa kazi inayochukua nafasi ya nyingine uliyoizoea, ni vema usitoe hukumu siku ya kwanza. Itazame, iache, uirudie baada ya wiki mbili.

Jina la mbunifu nalo lina haki ya kutafutwa. Alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi huko Portland, kwa malipo ya dola 35, na ilipofika mwaka 1983 ndipo kampuni ilipomtunuku pete na hisa. Nembo nyingi zinazotuzunguka zilichorwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hatua ya nane: Andika sifa inayoweza kutumika

Sasa unayo karatasi iliyojaa. Chagua mambo mawili tu yaliyofanyika vizuri na jambo moja unalotaka kuuliza, kisha mwandikie aliyeitengeneza. Taja mahali, taja kilichofanyika, taja kilichotokea kwako. Usianze na kasoro, wala usimweleze namna ambavyo wewe ungeifanya isipokuwa amekuomba. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Nimeitazama nembo yako ikiwa na ukubwa wa ukucha, na mkia wa jogoo bado unaonekana wazi kwa sababu uliacha manyoya matatu badala ya kuyachora yote. Kwenye tovuti, bei imekaa karibu kabisa na kitufe cha kununua, hivyo sikulazimika kurudi juu kuitafuta. Ningependa kujua kwa nini ulimgeuza jogoo atazame kushoto."

Mbunifu akipata ujumbe wa namna hiyo hujua kwamba manyoya aliyoyaondoa usiku wa manane hayakuondolewa bure. Mara nyingi atajibu, na atakueleza sababu ambayo hukuifikiria: pengine jogoo anatazama jina la duka, au pengine alipotazama kulia mdomo wake uligongana na herufi ya kwanza. Jibu lake liandike kwenye ile karatasi, chini ya mchoro ulioufanya kwa kumbukumbu.